Nilidhani Kunona Ni Kupona

Ugonjwa wangu haukuniuma, na hiyo ndiyo sababu niliuchelewesha. Ungeniuma ningeenda hospitali siku ya tatu kama watu wengine. Badala yake ulininyang'anya vitu vidogo, kimoja kimoja, na kila kimoja nilikitafutia sababu. Niliposhindwa kuinua mikono kufunga kitambaa kichwani, nilisema nimelala vibaya. Niliposhindwa kupanda pikipiki yangu bila kushika ukuta, nilisema ni uzito wa mzigo. Niliposhindwa kuinuka chooni nilisema ni umri, na nilikuwa na miaka thelathini na sita.

Ninaandika kwa ajili ya yule anayejitafutia sababu kama nilivyofanya mimi. Zaidi ninamwandikia yule ambaye tayari amepewa dawa na anaanza kujiona anaendelea vizuri. Huyo wa pili ndiye ninayemwogopea. Mambo ya ndani ya ugonjwa sitayaeleza sana, kuna watu waliosomea. Nitasema niliyoyaona nikiwa ndani yake.

Kazi yangu ni uhimilishaji. Mtu akiona ng'ombe wake ameingia joto, analia na kupanda wenzake akitaka dume, ananipigia simu, nami naenda na mtungi wangu wa baridi kali unaohifadhi mbegu za mafahali wa mbali, nampandikizia. Kazi hii ni ya mikono miwili. Wa kulia unashika mrija wenye mbegu. Wa kushoto unaingia kwa nyuma ya ng'ombe hadi karibu na bega, unapapasa mpaka uupate mlango wa kizazi, unaushika na kuutuliza, huku ng'ombe anakubana kwa nguvu zake zote. Mkono wangu wa kushoto ndio uliojenga nyumba yetu pale Kitengela. Kwa miaka kumi na moja, kuanzia Kisaju hadi Mashuuru, watu hawakuwa wakisema mwite Nasieku. Walisema mwite yule mama wa mbegu, yule ako na mkono mzuri.

Kwa hiyo nikisema niliogopa, ujue nilichoogopa. Kufa hakukunitisha kama kuishi bila mkono ule.

Mwezi wa pili, majani ya Kisaju yakiwa yamekwisha na upepo unabeba vumbi, mzee Parsaloi aliniita. Alikuwa na mtamba mdogo, mwekundu, ambaye hajawahi kuzaa. Akanionyesha picha kwenye simu yake: fahali wa Ubelgiji, mapaja yamejaa kama magunia ya mahindi, mgongo umegawanyika katikati kwa misuli.

"Nataka hii," akasema.

"Mzee, hii ni ya ng'ombe mkubwa, ile imezaa mara mbili, tatu. Huyu bado ni msichana. Ndama itamshinda."

"Wewe weka tu. Si uko nayo?"

Nilikuwa nayo. Siku nyingine ningebishana naye hadi chai ipoe, kwa sababu mimi si mtu wa kukubali haraka, mume wangu atakuambia. Lakini siku hiyo mkono ulikuwa ukitetemeka hata kabla sijavaa glavu, na nilichotaka ni kumaliza nikae chini. Nikaweka. Nilijaribu mara tatu kabla ya kuushika ule mlango, jambo ambalo halikuwa limenitokea tangu nikiwa mwanafunzi. Nikaandika tarehe kwenye daftari, nikaondoka nikijionea aibu.

Mvua ndefu zilipokuja nilianza kuanguka. Udongo wa Kitengela ukilowa hushika kiatu, na mtu mwenye afya huuvuta mguu akaendelea. Mimi nilivuta mguu haukuja, nikaenda chini na mtungi wangu, na chini pale nikagundua siwezi kuinuka. Nilikaa kwenye tope nikijifanya natafuta kitu, mpaka mwanamke muuza mboga akanishika kwapani akaniinua. Kliniki ya kwanza ilisema damu imepungua. Ya pili ilisema ni mawazo. Ya tatu ilinipa dawa za taifodi, nikazimaliza zote, na nilipozimaliza nilikuwa nasukuma mguu wangu kwa mkono ili nipande kitandani.

Tipape, mume wangu, ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu mtaratibu. Ndiye aliyesema sasa ni Nairobi, na hakuuliza maoni yangu.

Katika hospitali ile kubwa nilijifunza kusubiri. Mabenchi yake ni ya mbao, ya chini, na hilo lilikuwa tatizo langu kubwa kuliko foleni. Kukaa niliweza, kwa kujiachilia. Kuinuka ndiko kulikonishinda, na kila jina langu lilipokaribia kuitwa moyo ulinienda mbio, si kwa sababu ya daktari bali kwa sababu watu wangeniona nikijisokota. Siku ya pili mama mmoja wa Kisomali aliyekaa kando yangu alinitazama, kisha akatoa mto mnene chini ya makalio yake akanisogezea.

"Kalia hii," akasema. "Nusu ya kuinuka inafanywa na mto."

Aliitwa Mama Halima, anauza vitambaa hapo Kitengela, na alikuwa na ugonjwa wa aina ya wangu kwa miaka minne. Tangu siku ile sijaenda kliniki bila mto. Nawe beba wako.

Walinikata kipande cha nyama ya paja, kidogo kama cha kuonja, wakakipeleka maabara. Nilikiona kabla hakijafunikwa. Nimeona nyama nyingi katika maisha yangu, na niliona kwamba yangu haikuwa na rangi nzuri. Mwezi wa sita, baridi ikiwa imeanza, daktari wangu aliniambia jina la ugonjwa, jina refu ambalo nimelizoea sasa kama jina la mkwe. Maana yake ni kwamba askari wa mwili wangu walikuwa wamekosea adui, wakawa wanaishambulia misuli yangu mwenyewe. Akaniandikia vidonge vyeupe vya steroidi, vingi kila asubuhi.

Daktari huyu ni mama wa makamo, ana sauti ya chini, na hamkatizi mtu. Alipojua kazi yangu aliweka kalamu mezani.

"Basi unawajua wale ng'ombe wako na misuli mingi kupita kiasi."

"Nawajua. Mbegu yao niliweka mwezi wa pili."

"Unajua kwa nini wako hivyo?"

Nilijua ni damu ya ukoo wao, zaidi ya hapo sikujua. Akanieleza kwamba mnyama, na mtu pia, ana protini ambayo mwili wenyewe hutengeneza, inaitwa mayostatini, na kazi yake ni kuiambia misuli ikue hadi hapa, isizidi. Ng'ombe wale huzaliwa na hiyo protini ikiwa mbovu. Misuli yao haiambiwi isimame, basi haisimami. Kuna kondoo wa hivyo, kuna mbwa wa hivyo, na mara chache sana huzaliwa mtoto wa hivyo.

"Ni kama breki," akasema.

"Na yangu? Ni hiyo breki imefinya sana?"

"Hapana, mama. Wewe misuli yako inaliwa, na hizi dawa ni za kutuliza wale wanaikula. Habari ya breki nakuambia kwa sababu najua watu wa Kajiado. Mtaenda nyumbani, mtachinja, mtakula nyama mkidhani mguu utarudi wiki ijayo. Misuli hairudi kwa kulazimishwa. Inarudi pole pole, na mwili uko na kipimo chake."

Nililibeba lile neno la mwisho mpaka nyumbani. Mwili una kipimo chake. Lilinifariji sana, na ndilo nililolitumia vibaya.

Mwezi wa saba Kitengela ilifunikwa na ukungu kila asubuhi, na mama mkwe wangu, ninayemwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaa, akaja kutoka Mashuuru kunitunza. Alikuja na mafuta ya kondoo ndani ya mtungi wa plastiki, na mizizi ya kuchemshia supu, na imani yake yote. Kwetu mgonjwa hupimwa kwa shavu lake. Akikonda anaondoka, akinona amerudi. Yeyo alinipa supu asubuhi na jioni, na vidonge vile vilinipa njaa ambayo sijawahi kuiona. Niliweza kumaliza sufuria na kuuliza kama kuna nyingine.

Nikaanza kujaa. Kwanza mashavu, kisha shingo, kisha mabega kwa nyuma. Kufikia mwezi wa nane uso wangu ulikuwa wa mviringo na unang'aa. Kanisani watu walinishika mikono wakamshukuru Mungu.

"Aki Mama Sein, umenona," akasema jirani yangu. "Sasa umepona kabisa."

Binti yangu Sein, aliyekuwa na miaka saba, alipenda kuniminya shavu. Tipape alitabasamu tena. Na kweli nilikuwa nimepata nafuu kidogo: niliweza kuinuka kwenye kiti kwa kujisukuma, na kujimwagia maji mwenyewe.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo mtu asiyejua ng'ombe asingelifanya. Mimi ninalipwa pia kwa kuwapima ng'ombe kwa jicho na kwa kidole. Nabonyeza kiunoni, nabonyeza mzizi wa mkia, nakuambia huyu ako na hali nzuri au bado. Asubuhi moja nilisimama mbele ya kioo nikajibonyeza kiunoni vivyo hivyo. Kidole hakikugusa mfupa. Nikajipa alama, na alama ilikuwa nzuri. Nikawaza: daktari alisema mwili una kipimo chake, na mwili wangu umefika. Zaidi ya hapa ni dawa tu zinaninonesha kama ng'ombe wa Krismasi. Zilikuwa pia zimeninyima usingizi, zimenipa hasira ya bure, na nilikuwa nimempigia Sein kelele kwa sababu ya kijiko. Nilizichukia. Basi nikaamua zimemaliza kazi.

Sikumwambia mtu. Kila asubuhi Tipape aliniletea glasi ya maji na vidonge kiganjani, akaenda kufunga mkoba wake wa shule. Mimi nilikunywa maji, na vidonge nikavitia kwenye boksi la glavu zangu za kazi. Siku ya kliniki nilisema barabara ya Namanga imeziba, tutaenda mwezi ujao.

Wiki mbili za kwanza nilijisikia mwepesi, nikajisifu. Kisha miguu ikaanza tena, nikasema ni baridi. Chai ikaanza kunipalia, nikasema naimeza haraka. Sauti yangu ikabadilika, ikawa kama inatokea puani, na Yeyo aliponitazama kwa muda mrefu nilitazama kando. Unaona jinsi nilivyorudi kule kule kwa sababu zangu. Lakini shavu lilikuwa bado limejaa, na mimi niliamini shavu.

Mvua fupi zilikuwa zimeanza mzee Parsaloi aliponipigia, asubuhi ya saa mbili.

"Hii ng'ombe imekataa kuzaa. Miguu ya mbele imetoka tangu alfajiri na hakuna kitu inasonga. Daktari wa mifugo ako njiani kutoka Kajiado. Kuja uangalie kabla afike."

Ningeweza kusema ninaumwa. Lakini mbegu ile niliiweka mimi, na nilijua ni ipi. Nikamwomba mwenye bodaboda wa jirani anipeleke, Yeyo akisimama mlangoni akiniambia nisiende.

Mtamba alikuwa amelala kwenye matope, macho yamekwenda juu. Niliwaambia wamsimamishe. Nikavaa glavu, nikapaka sabuni, nikaingiza mkono wa kushoto. Kichwa cha ndama nilikigusa, na nyuma ya kichwa mabega yamekwama kwenye mfupa wa nyonga. Damu ya baba yake alikuwa nayo nusu tu, na bado alikuwa mkubwa kuliko mlango aliopaswa kupita. Ilikuwa nimrudishe nyuma kidogo ili kumpa mama nafasi mpaka daktari afike. Ni kazi niliyoifanya mara nyingi. Nilisukuma. Hakuna kilichosukuma. Niliuambia mkono na mkono haukusikia. Ng'ombe akabana, goti langu likakunjika, nikaanguka chini nyuma yake na mkono wangu ukatoka kama kamba. Nilijaribu kuinua kichwa kutoka kwenye matope, na hata kichwa kilikataa.

"Mama wa mbegu, nini mbaya?" mzee Parsaloi akaniuliza, akiwa amepiga magoti, na nilipojaribu kumjibu mate yalinipalia.

Waliniweka kwenye turubai chini ya ukingo wa paa, wamenilaza ubavu ili nisisongwe na mate, na nikiwa pale daktari wa mifugo alifika. Alimpasua mtamba ubavuni, mnyama akiwa amesimama. Mama alipona. Ndama alitolewa amekufa. Walimlaza kwenye majani karibu na mimi, na kwa sababu sikuweza kugeuza shingo nilimtazama kwa muda wote ambao walikuwa wakitafuta gari. Alikuwa mzuri. Mapaja yamejaa, kifua kipana, hakuna kilichopungua, ila hajawahi kuvuta pumzi. Nililia bila sauti. Nilikuwa nimeweka ndani ya yule mtamba mdogo kitu ambacho mwili wake haukuwa na nafasi nacho, kwa sababu siku ile nilichoka kubishana.

Hospitalini sikuweza kumeza hata mate yangu mwenyewe. Walinipitisha mrija puani. Daktari wangu alikuja akasimama kando ya kitanda, nikamwambia yeye peke yake kwamba nimeacha vidonge, na kwa mara ya kwanza nilisikia sauti yake ikipanda.

"Hizi si dawa za kuacha siku moja, Nasieku. Ukizimeza muda, mwili wako unaacha kutengeneza zake. Ukiziacha ghafla unabaki bila yoyote. Ungekufa hapo kwa matope."

"Nilikuwa nimenona," nikasema kwa sauti yangu ya puani.

Akaushika mkono wangu juu, pale penye nyama, akauminya taratibu.

"Hii ni mafuta na maji," akasema. "Misuli iko chini ya hii, na imekonda kuliko siku ulikuja."

Miaka kumi na moja ninapima hali ya ng'ombe, na mwili wangu mwenyewe ulinidanganya.

Siku ya nne Tipape alikuja na boksi la glavu. Alilikuta alipotafuta kadi yangu ya kliniki. Aliliweka kwenye kabati dogo kando ya kitanda, akalifungua, vidonge vikaonekana, vimeshikana kwa unyevu. Hakukaa.

"Maji nilikuwa naleta mimi," akasema. "Kila asubuhi. Nikienda darasani nasema moyoni, angalau hiyo nimefanya."

Akaenda dirishani akanipa mgongo. Kwa siku nyingi baada ya hapo alinihudumia kwa kila kitu, alinigeuza, alinipangusa, na hakuzungumza nami ila mambo ya lazima. Nilitamani anipigie kelele. Ugonjwa huu ulichukua misuli yangu, lakini ile imani yake kwangu niliitoa mimi mwenyewe, na hiyo haina vidonge vya kuirudisha.

Yeyo naye alikuja na chupa yake ya supu, akaambiwa sitakula kwa mdomo. Alikaa kwenye kiti akiwa ameikumbatia, hajui aiweke wapi. Muuguzi mmoja kijana alimwona. Alichovya pamba kwenye ile supu, akanigusa nayo midomo na ncha ya ulimi, kidogo kabisa. Nilionja chumvi na mafuta. Yeyo alifunika uso kwa shuka lake. Mpaka leo sijui jina la muuguzi yule, na kila nikiomba namtaja kwa kazi yake.

Nilianza tena kutoka sifuri, hata chini ya sifuri. Steroidi zilirudi, na dawa nyingine ya kila Jumatatu iliyonitapisha hadi Jumatano. Krismasi nilikula uji kijiko kwa kijiko, kidevu kimeinamishwa kifuani kama walivyonifundisha. Mwezi wa kwanza nilipelekwa nyumbani, na nikamuuliza daktari swali ambalo nilikuwa nikilala nikiliwaza wodini.

"Hiyo breki ya misuli. Si mniondolee, ili yangu ijae haraka kama ya wale ng'ombe?"

Hakunicheka. Alisema watu wamelijaribu jambo hilo kwa wagonjwa wa misuli, na bado wanajaribu. Mara nyingine misuli iliongezeka ukubwa, lakini mtu hakuongezeka nguvu kama walivyotarajia. Labda siku moja. Kwa sasa hana kitu cha kunipa.

"Wewe umeona mwenyewe misuli bila kipimo inafanya nini," akasema, kwa sababu nilikuwa nimemsimulia habari ya ndama.

Tangu hapo sikumuuliza tena. Nilikuwa nimeichukua ile breki kama adui, na sasa nawaza tofauti. Ni kitu ndani yangu kilichojua maisha yangu yote, tangu nikiwa mtoto, mahali pa kusimama, na kikanipa mkono wa kutosha kwa kazi yangu bila mimi kuomba.

Mwaka ule uliofuata niliuhesabu kwa matofali. Tipape aliinua kiti changu na kitanda changu juu ya matofali, manne kila mguu, ili niweze kusimama bila kuinuliwa. Kila niliposimama mara tano bila kushika kitu, aliondoa tofali moja kila mguu. Mvua ndefu zilipoanza yalibaki matatu. Kila Alhamisi nilikwenda Kajiado mjini kwa mazoezi ya viungo, kwa kijana mmoja mchangamfu aliyenipa kopo la maharagwe nilinyanyue kwa mkono wa kushoto. Lilinishinda miezi miwili. Ukungu wa mwezi wa saba uliporudi yalibaki mawili, na kopo lilikuwa linafika begani. Uso wangu ulipungua, mashavu yakaingia ndani, na jirani yangu akamuuliza Yeyo kwa sauti ya chini kama nimerudiwa na ugonjwa.

"Amekonda lakini anainuka," Yeyo akamjibu. "Mimi sasa naangalia miguu."

Tofali la mwisho lilipotoka Tipape alikaa sakafuni akilishika mkononi. Nilimwambia nisamehe. Nilikuwa nimelisema mara nyingi, lakini siku hiyo aliniangalia.

"Mimi nitakuwa nakuangalia ukimeza," akasema. "Si kwa ubaya. Nitakuwa naangalia tu." Na anaangalia, kila asubuhi, mpaka leo. Nafungua mdomo namwonyesha, na siku nyingine tunacheka.

Daktari aliposema sasa tunaweza kuanza kupunguza dawa, kidogo kwa kidogo, kwa mkono wake yeye, ndipo nilipoona nimebadilika. Niliogopa. Nilimwomba aandike ratiba ya kupunguza kwenye karatasi kubwa, tukaibandika jikoni. Nawe ukiambiwa upunguze, punguza kwa ile karatasi. Ukiambiwa unaendelea vizuri na mtu asiye na karatasi, mshukuru, kisha meza dawa yako.

Mwezi wa kumi, siku moja ya jua kali, mama mzee wa kule Mashuuru alinipigia. Kila mtu humwita Ng'oto Leshan, mama yake Leshan. Ng'ombe wake mmoja alikuwa joto na mtu mwingine wa mbegu hakupatikana. Nilimwambia mimi nilikuwa mgonjwa, sijui kama mkono bado unaweza. Akasema yeye pia hajui kama ng'ombe atakubali, basi twende tuone. Tipape alinipeleka kwa gari la rafiki yake, akabaki nje ya boma kwa sababu nilimwomba abaki.

"Takwenya," nikamsalimu mama mzee.

"Iko, nakerai," akaitikia salamu, akiniita mwanangu. "Ng'ombe ndiyo hii."

Alikuwa ng'ombe mzima, mtulivu, amezaa mara nne. Nilichagua mbegu ya fahali wa kawaida wa aina ya Sahiwal. Nikavaa glavu, nikaingiza mkono wa kushoto. Kwenye kiwiko tayari bega lilikuwa linawaka. Ng'ombe akabana, nikasubiri alegee, nikaendelea. Vidole vilitafuta kwa muda mrefu, na nilianza kuomba kwa sauti, sijali nani anasikia. Kisha nikaupata ule mlango, mgumu kama shingo ya kuku, nikaushika. Ulitaka kuniponyoka. Nikaushika. Mkono wa kulia ukapitisha mrija, taratibu, pete ya kwanza ya ule mlango, ya pili, ya tatu, nikaachilia mbegu. Nilipouchomoa mkono ulining'inia tu, na vidole havikuweza kuvua glavu.

Ng'oto Leshan aliona. Aliivua ile glavu kidole kwa kidole, akaleta maji ya moto kwenye beseni, akanawisha mkono wangu hadi begani kama unavyomnawisha mtoto aliyechezea tope.

Ng'ombe asiposhika mimba hurudi joto baada ya wiki tatu. Siku ya ishirini na moja sikumpigia, niliogopa. Siku ya ishirini na tatu nilikaa sakafuni jikoni, mgongo ukutani, nikampigia.

"Hajalia," akasema. "Hajapanda mwenzake. Ako tu hapa anakula. Ameshika, nakerai."

Nilimshukuru, nikaweka simu chini, nikalia pale pale sakafuni mpaka nikamaliza. Kisha nikainuka.